Hola: pampu imesimama, mto umehama

Kisa ninachotaka kukichambua ni cha mji mmoja tu, Hola, makao makuu ya kaunti ya Tana River. Sio mji mkubwa. Ukitoka Malindi unapita Garsen unazidi kupanda na mto kuelekea Garissa, na kabla hujafika huko ndio unaikuta, joto, vumbi, miembe, bodaboda, msikiti, kanisa, ofisi za serikali, jela, hospitali ya kaunti, na pembeni ya hayo yote mto Tana wenyewe na mamba wake na maji yenye rangi ya udongo. Wakenya wengi Hola wanaijua kwa mstari mmoja wa kitabu cha historia, mauaji ya 1959, mtihani ukiisha na Hola imeisha. Mimi hilo linaniuma, manake ukikaa ukaufuata huu mji kutoka mwanzo utaona shida zake za leo zote zimeshonwa na uzi mmoja.

Swali lenyewe ni hili. Huu mji umekaa kando ya mto mrefu kuliko yote Kenya, karibu kilomita 1,000 kutoka milimani mpaka baharini, na una skimu ya kumwagilia mashamba tangu 1953. Sasa inakuaje kila mvua ikikosa misimu miwili hivi tunaanza tena kusikia watu wa Tana River wanahitaji chakula cha msaada? Jibu la haraka watu hutoa ni kwamba kule ni mbali, kukavu, watu wanapigana. Mimi sikubali. Jibu langu ni kwamba karibu kila mpango mkubwa wa Hola ulichorwa na mtu aliyekaa mbali na mto, na wale waliokuwa wanaujua mto hawakuulizwa.

Tuanze na hao wanaoujua. Mpokomo, mkulima wa kandokando ya mto, hakuchukua mto kama bomba lililozikwa mahali. Kwake mto ni kitu kinachotembea. Unafurika kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, mvua za masika na zile za vuli zikinyesha huko juu milima ya Kenya na Aberdare, maji yanashuka, yanapanda kingo, yanaacha tope jipya, na hapo kwenye tope ndio mtu anapanda mahindi, mpunga, ndizi. Maji yakirudi nyuma unayafuata na jembe. Na kuna miaka mto unaamua kukata njia mpya kabisa, mkondo wa zamani unabaki kama ziwa refu lililopinda, na kijiji nacho kinahama. Kwa hivyo mtu alikuwa na kishamba upande huu na kingine ng'ambo, na mtumbwi wa kuvukia, ili mto ukimnyima huku umpe kule. Muorma, mfugaji, na ng'ombe wake naye ana hesabu zake, mvua ikinyesha anakaa mbali huko nyika, kiangazi kikikaza anashuka mtoni kupitia njia zinazoitwa malka, na hizo malka zilikuwa zinajulikana, wazee wa gasa wa Kipokomo na wazee wa matadeda wa Kiorma walikuwa wanakaa chini wakielewana nani apite wapi na lini. Sisemi ilikuwa peponi, ugomvi ulikuwepo, lakini ulikuwa na mahali pa kupelekwa.

Wakati huo Hola haikuwa makao makuu ya chochote. Serikali ya mkoloni ilikaa Kipini, huko chini kabisa mto unapoingia baharini, manake mkoloni alikuja na meli na pwani ndio palikuwa mlango wake. Huku juu ilikuwa ni vijiji vya mtoni na nyika.

Kilichogeuza mambo ni hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Serikali ilikuwa na maelfu kwa maelfu ya watu imewafunga kwa ajili ya Mau Mau, wale waliopigania ardhi na uhuru, na inatafuta pahali pa kuwaweka na kazi ya kuwapa. Mwea, Perkerra na Hola, hizi skimu tatu tunazozisifu kama mwanzo wa kilimo cha umwagiliaji Kenya, zilijengwa kwa mikono ya wafungwa wa kizuizini. Hola ilifaa kwa sababu ni mbali, ni joto, na mtu wa kutoka Nyeri au Murang'a akitoroka pale ataenda wapi? Kwa hivyo skimu haikuja Hola kwa sababu mtu alikaa na wakulima wa mtoni akawauliza wanataka nini, ilikuja kwa sababu palikuwa jela nzuri. Hapo ndipo shida inapoanzia na ningeomba mtu asiruke huo mstari.

Mpaka kufika 1959 kambi nyingi zilikuwa zimeshamaliza watu, waliobaki Hola kwenye kambi ya ndani ni wale ambao serikali iliwaita sugu. Hawa walikataa kufanya kazi. Hoja yao ilikuwa wazi, sisi ni wafungwa wa siasa, hatukuhukumiwa kifungo cha kazi ngumu, hatuchimbi. Mkubwa mmoja wa magereza, John Cowan, akaandika mpango wa kuwavunja, kwamba watolewe vikundi vidogo vidogo wapelekwe kuchimba mtaro wa maji wa skimu, na akikataa mtu basi abebwe mzobemzobe na alazimishwe kushika kazi. Mpango ukapita kwa wakubwa Nairobi. Machi 3, 1959 mkuu wa kambi, Michael Sullivan, akawatoa watu zaidi ya 80 siku moja na kuwazungushia askari wenye virungu. Wakalazimishwa kuchimba. Waliokataa, na hata waliokuwa wanachimba, walipigwa, kupumzishwa, kupigwa tena. Watu 11 wakafa. Makumi wakabaki na majeraha, wengine ya kudumu maisha yao yote.

Sasa sikiliza serikali ilisema nini. Taarifa iliyotoka baada ya pale ilisema hawa watu wamefariki baada ya kunywa maji kutoka kwenye tenki la kukokotwa. Maji! Yaani mtu anakufa kwa rungu kwenye mtaro wa kupitisha maji, kando ya mto mkubwa kuliko yote nchini, halafu anasingiziwa maji. Nimesoma hii mara nyingi na bado sijaizoea. Uchunguzi wa hakimu W. H. Goudie ukaja kuonyesha hakuna maji yaliyoua mtu, ni kipigo, damu ilivujia ndani. Habari ikafika bunge la Uingereza, Barbara Castle na wenzake wa upinzani wakaishika, lakini hotuba iliyouma zaidi ilitoka upande wa serikali yenyewe, Enoch Powell, usiku wa Julai 27, 1959, akisema huwezi kuwa na kipimo kimoja cha utu kwa Uingereza na kingine kwa Afrika. Mtu huyo huyo baadaye alikuja kujulikana kwa maneno mengine mabaya sana juu ya wahamiaji, sio mtu wangu wa kumsifia, ila usiku ule alisema kweli. Kabla mwaka haujaisha waziri wa makoloni alikuwa mwingine, na Januari 1960 wakaitana Lancaster House, London, kuzungumzia uhuru wa Kenya. Sio Hola peke yake iliyoleta hayo, kulikuwa na fujo za Nyasaland, Malawi ya leo, na mengine mengi, ila kamji hako ka vumbi kalisukuma dola kubwa, na watoto wanaokua pale wana haki ya kulijua hilo kwa kirefu kuliko sentensi moja ya mtihani.

Haki yenyewe ilichelewa mno. Marufuku dhidi ya Mau Mau, iliyowekwa na mkoloni, iliondolewa 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Wazee wakapeleka kesi London, mmoja wao Wambugu wa Nyingi aliyepigwa pale Hola mpaka akapoteza fahamu na kulazwa na maiti akidhaniwa amekufa. Juni 2013 serikali ya Uingereza ikasema mahakama yasubiri, tutalipana, paundi milioni 19.9 kwa wadai 5,228, na waziri William Hague akasimama bungeni akasema wanajutia. Gawanya mwenyewe uone kila mzee alipata ngapi kwa mwili wake.

Narudi kwenye mtaro, manake wengi wanaosimulia Hola wanaishia hapo kwa wale 11 na kisa chenyewe hakijafika nusu. Mkoloni aliondoka, mtaro ukabaki. Kenya huru ikaurithi mradi pamoja na namna yake ya kuuendesha. 1966 ikaundwa bodi ya taifa ya umwagiliaji na mkulima wa skimu akawa mpangaji, ana leseni sio hatimiliki, zao analochaguliwa ndio analopanda, na Hola zao lilikuwa pamba zaidi ya yote. Familia zikaletwa, Wapokomo, Waorma, na watu wa kutoka bara, kila mmoja na kipande chake, maji yanasukumwa na pampu kutoka mtoni yanaingia mfereji mkuu yanagawanyika. Nisiwe mkali kupita kiasi, kuna watoto walisomeshwa na ile pamba, kuna nyumba zilijengwa, mji wenyewe ulipata uzito kwa sababu ya skimu, na makao ya wilaya nayo yakawa Hola badala ya Kipini. Ukiniuliza kwa nini Hola ndio kichwa cha Tana River leo, jibu liko hapo, barabara, nyumba za wafanyakazi, kituo cha polisi, hivi vyote vilikuja kuihudumia kambi na skimu, na ofisi hupenda kukaa palipo na ofisi nyingine.

Halafu 1989 mto ukahama.

Ukakata njia nyingine, ukaiacha pampu imesimama pakavu. Skimu ikafa. Sio kwa vita, sio kwa bei ya pamba, ilikufa kwa kitu ambacho bibi yeyote wa Kipokomo angekwambia kitatokea tu siku moja. Fikiria mtu ana shamba huku na kishamba kule na mtumbwi katikati, umemtoa huko ukamwambia kaa hapa kwenye namba hii, panda pamba, subiri pampu. Umemnyang'anya miguu miwili ukampa mguu mmoja wa chuma. Na pampu ikishindwa hawezi kurudi kwenye kilimo cha mafuriko kirahisi, manake alishatoka huko, watoto wake wamekua na ratiba ya mfereji. Ndio mwanzo wa ile njaa ya skimu, watu wamezungukwa na mifereji mikavu, wengine wakahama, wengine wakabaki wakichoma makaa na kungojea lori la msaada.

Juu ya hilo ongeza mathenge. Huu mti uliletwa Hola na skimu jirani ya Bura miaka ya mwanzo ya 1980 kwa nia nzuri, kuni zitapatikana, mchanga utashikwa, msitu wa mtoni utapumzika. Mashamba yalipoachwa wazi mathenge ukaingia kama mwenye nyumba. Mwiba wake unatoboa tairi, unatoboa mguu, unafunga njia, mbuzi akila maganda yake kupita kiasi meno yanaharibika. Ukaziba mifereji, ukaziba na malka. Na malka ikizibwa Muorma anafanya nini na ng'ombe mia wenye kiu? Anapita penye uwazi, na penye uwazi ni shambani kwa mtu. Nasema hivi kwa sababu kila zikitokea fujo watu wa mbali husema hao wanachukiana tu tangu zamani. Fujo mbaya zaidi tulizoziona, za 2012 kuingia Januari 2013, zilikuwa chini huko delta upande wa Garsen, zaidi ya watu 100 walikufa, kijiji cha Riketa peke yake zaidi ya 50 kwa asubuhi moja, wengi wanawake na watoto. Ilikuwa karibu na uchaguzi, siasa ilikuwa ndani, silaha zilikuwa ndani, ila kuni zilikuwa ni ardhi na njia ya maji. Ukiziba njia za zamani na kuwadharau wazee waliokuwa wanazigawa, lazima uwe na kitu cha kuweka badala yake, na hakikuwepo.

Na hapo juu mtoni nchi ilikuwa inajenga mabwawa ya umeme, Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Umeme huo ulienda zaidi viwandani na mijini kuliko kwenye vijiji vya mtoni. Kilichofika Hola ni mto uliobadilika tabia, yale mafuriko ya kawaida ambayo mkulima aliyategemea yakapungua nguvu, na yale makubwa bado yanakuja, 1997 na El Niño yake, 2018, halafu mwisho wa 2023 mpaka 2024. Mwaka wa mvua nyingi mabwawa yakijaa yakaanza kumwaga, huku chini watu wanapata tangazo wahame sehemu za juu, na wanahama, na magodoro na kuku na mitungi, wanakaa chini ya maturubai. Kwa hivyo mkulima wa Tana siku hizi ana ukame bila mto wa kumlisha, na ana mafuriko bila tope la kumpendeza. Hili naliona ndio donda kubwa zaidi la kisa hiki kuliko hata pampu, na ndilo linazungumzwa kidogo.

Serikali baadaye ilirudi, mifereji ikazibuliwa, mathenge ikang'olewa sehemu, na skimu ikaanza tena na mahindi, mpunga, pamba kidogo. Ni jambo zuri na wakulima wanalishukuru. Ila uangalie bado maji ni ya mashine na bajeti ya mbali.

Ikaja katiba ya 2010, na uchaguzi wa Machi 4, 2013, na Hola ikawa makao makuu ya kaunti kamili, ina gavana na bunge lake. Kaunti yenyewe ni kubwa ajabu, zaidi ya kilomita za mraba 35,000 na watu 315,943 kwa hesabu ya 2019, yaani mtu wa kijiji cha ndani Bura au wa Kipini kuja kushughulikia karatasi Hola ni safari ya kulala. Tana River ilikuwa moja ya kaunti tano zilizoanza bila jengo la maana la makao makuu, pamoja na Isiolo, Lamu, Nyandarua na Tharaka Nithi, mpaka serikali kuu ikaingia kusaidia kuwajengea. Sitakaa sana kwenye magavana na majengo, hayo yanazungumzwa kila siku. La maana ni kwamba mji ulipata mshahara. Nyumba za kupanga zikaongezeka, hoteli, maduka ya vifaa, bodaboda. Na pesa kutoka Nairobi zikichelewa miezi miwili mwenye kibanda cha chai anajua kabla ya kusoma gazeti, wateja wanaanza kuandikiwa kwenye daftari. Ni mfereji mwingine huo, mdomo wake hauko Hola.

Maisha ya watu hata hivyo hayakungoja mpango. Unakuta Mpokomo, Muorma, Mwardei, Munyoyaya, Mswahili wa pwani na mfanyabiashara wa kutoka bara wote wako soko moja, maziwa ya Muorma anayanywa Mpokomo, mahindi ya Mpokomo anayala Muorma, Ramadhani futari inapita mlango kwa mlango na Krismasi vilevile. Wimbo wa taifa letu tunaousimamia kwa heshima, sauti yake ilitoka kwenye wimbo wa kubembelezea mtoto wa Kipokomo, hapa hapa mtoni. Kila asubuhi ya gwaride nchi nzima inaimba sauti ya mama wa Tana na wengi hawajui. Na embe, jamani, embe za Tana zikiiva ni nyingi mpaka zinaoza chini ya mti, kwa sababu lori linakuja wakati linapotaka na bei linayotaka, na barabara maji yakipanda inakatika, Aprili 2024 kule Madogo na Garissa watu walikuwa wanavuka palipokuwa lami kwa boti na wengine wakazama.

Mimi ningepewa nafasi ya kuongea na wanaopanga, ningeomba vitu vichache. Malka zichorwe upya, wazee wa pande zote mbili wakiwa wameshika kalamu, na zipewe nguvu ya sheria ya ardhi ya jamii ili mtu asije akauziwa njia ya ng'ombe. Wenye mabwawa wakae mezani na watu wa chini, wakubaliane juu ya kuachilia maji kidogo msimu wa kupanda, sio kungoja bwawa lijae halafu litapike. Mkulima wa skimu awe na karatasi ya shamba lake na neno juu ya anachopanda. Embe zipate mahali pa kusindikwa hapo hapo. Na wale 11, walale mahali panapotunzwa, palipoandikwa majina yao yote na walikotoka, kwa Kiswahili, ili mtoto anayepita na ndoo yake aweze kuyasoma.

Manake yeye bado anapita. Asubuhi mapema ukiwa kando ya mfereji utawaona, wasichana na mitungi ya lita 20, wanachota kutoka mtaro ule ule, ukiwa na maji.